Usifute penseli ya baba: neno langu kwa mwenye katoni ya komiki

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. "Shikamoo dada," alianza, kisha akanieleza kwamba marehemu baba yake amemwachia katoni mbili za komiki za mashujaa, Superman na wenzake, na kwamba amesikia kitabu kimoja cha aina hiyo kiliuzwa Marekani kwa dola milioni 6. Akamalizia hivi: "Naomba unielekeze nizisafishe vipi ili zipate bei nzuri. Nyingine zimeandikwaandikwa."

Hilo neno "zimeandikwaandikwa" lilinikata maini. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri. Nikafunika bakuli, nikanawa mikono, nikaenda kuketi chumbani karibu na sanduku langu la bati. Mimi za kwangu nilishazisafisha. Nilizisafisha mwaka jana kwa mikono yangu hii, na habari hiyo sijawahi kuiandika mahali popote. Leo naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe ambaye najua una sanduku lako chini ya kitanda na unawaza siku moja kuvipanga vitabu vyako rafuni, wageni waingie na kushangaa.

Nianze na bei, maana ndiyo iliyomkosesha kijana usingizi.

Habari aliyoisikia ni ya kweli. Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938 ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, nakala yake moja iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Ilipotoka iliuzwa senti 10. Vijana wawili waliomtunga huyo Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote kwa dola 130 na wakaja kuhangaika miaka mingi wakidai chao. Sasa, mdogo wangu, kabla moyo haujaanza kwenda mbio, chukua rula. Mwaka 1974 wenye haki walilichapisha toleo hilo upya kwa umbo kubwa, lenye urefu wa zaidi ya sentimita 34. Ukilivua jalada la nje, ndani unakutana na jalada la 1938 lilivyokuwa, na watu wengi wamelizwa kwa njia hiyo. Ya asili ina urefu wa sentimita 26 hivi. Ikizidi hapo sana, unayo nakala ya 1974. Itunze vilevile, ila usiende kukopa kwa ajili yake.

Halafu fungua ukurasa wa kwanza wa kila kitabu utazame maandishi madogo yaliyobanwa chini. Pale utapata namba ya toleo, mwezi na mwaka. Usishangae ukiambiwa kitabu cha Oktoba kilikuwa dukani tangu Julai. Mwezi wa jaladani ulitangulizwa makusudi, ili muuza magazeti ajue lini akitoe na kurudisha nakala ambazo hazikununuliwa. Mambo haya nilijifunza baada ya kuumia, na ningeyajua mapema nisingeuziwa ndoto.

Ndoto zenyewe aliniletea baba. Mwaka 1991 alirudi na nakala tatu za X-Men namba 1, komiki ya kundi la mashujaa, ile mpya iliyochorwa na Jim Lee, mbili kati yake zikiwa na majalada tofauti. Baharia mwenzake alikuwa amemhakikishia kwamba zile ni dhahabu, azifunge tu asizisome, na miaka ishirini baadaye atanunua kiwanja. Baba akazifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuzipeleka juu ya kabati. Wamarekani nao wakafanya vivyo hivyo, kila mtu akafunga zake. Toleo hilo lilichapishwa nakala zaidi ya milioni 8, na hadi leo hakuna toleo moja la komiki ya Marekani lililouzwa nakala nyingi kama hilo. Kitu kilichohifadhiwa kwa mamilioni hakina wa kukitafuta. Mwaka uliofuata Superman akauawa katika kitabu kilichouzwa ndani ya mfuko mweusi, watu wakapanga foleni tena. Kufikia mwisho wa 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, inayochapisha X-Men, ilikuwa imefika mahakamani kwa kufilisika. Zile tatu ninazo. Zinang'aa. Ndizo komiki pekee katika sanduku zima ambazo baba hakuzisoma, kwa hiyo hazina hata neno lake moja.

Hapo ndipo penye habari yangu.

Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alipanda meli yake ya kwanza hapa Kilindini, bandari ya Mombasa, mwaka 1971, akiwa na elimu ya darasa la tano na Kiingereza cha kuombea maji. Sitahani bila Kiingereza hupandi cheo. Unabaki wa kukwangua kutu na kupaka rangi huku waliokuja nyuma yako wakikupita. Darasa hakuwa nalo. Alikuwa na zamu ya usiku, kamusi ndogo iliyopasuka mgongo, na komiki ambazo mabaharia wengine walizimaliza na kuziacha mezani. Baadaye akawa ananunua mwenyewe kila meli ilipotia nanga mahali zinapouzwa.

Alichagua komiki kwa sababu ya picha. Neno lisipojulikana, uso wa mtu aliyelisema unakusaidia. Alikuwa na penseli fupi aliyoichonga kwa wembe, haizidi urefu wa kidole, na kila neno gumu aliandika maana yake pembeni ya kipovu cha maneno au juu yake, kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Alikandamiza sana penseli, kama mtu aliyezoea kuandika mezani meli ikiyumba. Baadaye maneno yakageuka sentensi. Mwisho akawa anaongea na watu wa kitabuni. Mimi nilijifunza kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja kutoka kwenye kurasa hizo, kabla mwalimu yeyote hajanishika mkono, na darasani nilikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula hadi namaliza shule. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna watu katika ukoo wetu walioziita takataka za baharia.

Mmoja wao alikuwa shangazi. Mwaka 1988 baba akiwa safarini, shangazi aliyekuwa akiuza njugu mlangoni alilifungua sanduku na kutoa rundo la unene wa tofali. Nilirudi kutoka chuo cha Kurani jioni na juzuu yangu kifuani, nikamkuta mtoto wa jirani anakula njugu kutoka kwenye kifuko cha karatasi ya rangi. Nikautazama vizuri mkono wake. Palikuwa na jicho la Ororo, jeupe lote bila mboni, kama linavyokuwa anapoita dhoruba. Nilikuwa na shilingi moja. Nikaenda kununua njugu za shilingi nzima, si kwa kutaka njugu, na vifuko vile ninavyo hadi leo, vina mikunjo na mafuta. Shangazi ni marehemu, nimemsamehe na namwombea. Lakini tulipoteza matoleo zaidi ya arobaini jioni ile, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema pole.

Ngoja niwaeleze huyu Ororo ni nani, maana kwa ajili yake sanduku hili lina maana kwangu mimi binti wa Mombasa.

X-Men walianza 1963 wakiwa vijana watano, wote wazungu. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliwaunda upya wakaleta watu kutoka pande nyingi za dunia, mmoja Mjerumani, mmoja Mrusi, mmoja Mkanada, na mmoja mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe anayetawala mvua na upepo, ambaye Profesa Xavier, mkuu wa kundi, anamkuta Kenya. Jina la kazi ni Storm, jina la nyumbani Ororo. Mwaka uliofuata, katika toleo la 102, Chris Claremont aliandika asili yake. Mama ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni mpiga picha Mmarekani mweusi. Wanahamia Kairo, na katika vita vya Suez vya 1956 ndege inaangukia nyumba yao. Mtoto wa miaka mitano anabaki amefukiwa chini ya kifusi pembeni ya mwili wa mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali palipofungika. Anaweza kuamrisha radi, lakini mtie kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha anatetemeka kama mtoto.

Nakala yetu ya toleo hilo haina jalada. Kwenye ukurasa wa kifusi baba aliandika neno moja: "Maskini."

Na jina lake! Wamarekani wanaeleza kwamba Ororo maana yake ni uzuri. Msomaji wa Kiswahili analisikia tofauti, maana kwetu kitu ororo ni kitu laini, ngozi nyororo, godoro jororo. Mwanamke wa radi na kimbunga, jina lake ulaini. Baba aliligundua hilo kabla yangu. Juu ya jina, pale lilipotokea mara ya kwanza katika nakala zetu, ameandika: "laini, mororo. Mama yake alijua Kiswahili." Sijui kama waliompa jina hilo walifikiria lugha yetu hata kidogo. Baba aliamua kwamba walifikiria, na mimi nilikua nikiamini kwamba kuna mwanamke katika vitabu vya Marekani ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili ataitikia.

Nilipofika umri wa kuona haya nikaliacha sanduku. Chuo, kazi, ndoa, watoto. Hayo yana mahali pake.

Mwaka jana karo ya mwanangu wa kidato cha tatu ilinibana. Mtu mmoja akaniunganisha na mnunuzi wa Nairobi anayekusanya komiki za zamani. Nikampigia picha majalada, akavutiwa na matoleo 11 ya miaka ya 1980. Alipoona kurasa za ndani akaniandikia kwamba penseli inaua bei. Akanieleza, na katika hili hakusema uongo, kwamba wenye biashara hii Marekani hupima hali ya kitabu kwa alama hadi 10, na kila alama ya kalamu au mkunjo inakushusha. "Ukizitoa hizo penseli," akasema, "tunazungumza lugha nyingine."

Nilinunua raba mbili nyeupe, laini, za wanafunzi wa kuchora. Nikasubiri watoto walale. Nikatandaza gazeti mezani na kuanza. Kazi ya siku mbili, usiku na usiku. Naikumbuka sauti yake, na naukumbuka unga wa kijivu uliokuwa ukijikusanya katika mkunjo wa katikati ya kitabu, penye pini, nami naupuliza. Nilikuwa nafuta bila kusoma. Hilo ndilo kosa, wapendwa wasomaji. Ningesoma ningeacha. Niliogopa kusoma kwa sababu nilijua ningeacha, na karo ilikuwa Jumatatu.

Ijumaa mnunuzi alikuja. Akakiinamisha kitabu cha kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Karatasi ya komiki za zamani ni ile ya magazeti, laini, na mahali palipopita raba pameota manyoya. Akasema sasa vimeharibika zaidi ya vilivyokuwa, akataja bei ambayo haikununua hata sare ya shule. Kazi ile alinituma yeye mwenyewe! Nilimtazama nikakosa la kusema. Nikavikusanya vitabu vyangu, nikamwambia asante, njia ni ile. Karo nilikopa kwenye chama chetu, nikalipa kwa miezi saba. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Ndipo nikakaa kuzisoma upya, zote, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana. Nilianza kwa uchungu nikamaliza kwa kitu kingine. Nakuambia ukweli, hakuna unachokijua juu ya vitabu vyako vya utotoni hadi uvisome ukiwa na umri wa waliovinunua.

Yapo yaliyonichukiza. Utotoni sikuona shida kwamba Ororo, kabla ya kufuatwa na Profesa, anaishi na watu wanaomwabudu kama mungu, yeye amevaa nusu ya nguo. Sasa naona. Mwaka 1975 Kenya ilikuwa na vyuo na viwanda na bandari aliyokuwa akifanya kazi baba yangu, na hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye fremu zile. Kila neno la kumwita mungu lilipotokea baba aliandika pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote, "astaghfirullah." Nimezihesabu zilizobaki, ni tisa. Alikuwa anampenda na kumrekebisha kwa wakati mmoja.

Halafu yapo yaliyonishinda nguvu. Toleo la 186 la Oktoba 1984, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, nililiruka utotoni kwa sababu lina maongezi kuliko mapigano. Ororo amepoteza nguvu zake zote kwa silaha ambayo ilibuniwa na mwanamume anayemuuguza, naye hajui. Ni kurasa na kurasa za watu wawili wakiongea ndani ya jumba huko Dallas. Nikiwa na miaka tisa niliona ni upuuzi. Nikiwa na miaka arobaini na sita, niliyewahi kuamka asubuhi nikijiona si yule niliyelala, nilikisoma kitabu hicho mara tatu mfululizo. Mwaka mmoja baadaye, katika toleo la 198, anatembea Afrika bila nguvu, anamsindikiza msichana mjamzito hadi kijijini kwao. Mtoto anazaliwa hapumui. Yule aliyekuwa akiamrisha pepo za dunia hana kitu isipokuwa pumzi yake mwenyewe, na anampulizia mtoto kinywani.

Chukua kioo cha kukuzia uutazame ukurasa huo. Utakuta hakuna rangi ya kahawia kabisa. Kuna nukta za manjano, nukta nyekundu, nukta za buluu, zimesongamana, na jicho ndilo linalozigeuza kuwa ngozi. Katika nakala zangu nukta hazikukaa sawa kila mahali, kwa hiyo ukurasa mmoja Ororo ni mweusi wa kwetu na ukurasa wa pili ni wa kijivu kama samaki wa jana. Mambo hayo huyaoni kwenye simu, maana matoleo ya simu yamepakwa rangi upya. Hiyo nayo ni sababu ya kufungua sanduku.

Katika toleo la 201 anashindana na Cyclops, shujaa mwenzake, nani aongoze kundi, bado hana nguvu zake, na anashinda. Pale baba aliandika: "Kashinda bila mvua!" Alama ya mshangao imetoboa karatasi. Toleo hilo raba haikulifikia kwa sababu mnunuzi hakulitaka. Namshukuru Mungu kwa kila ambacho mnunuzi hakukitaka.

Sasa unaniuliza ushauri. Ushauri wangu ni usome kwanza. Kabla hujaita mnunuzi, kabla hujapiga picha, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa kuhifadhia, soma. Soma kila ukurasa, pamoja na matangazo ya kufuga "nyani wa baharini", yaani vidudu vidogo vya majini, na ya miwani ya kuona mifupa, pamoja na barua za wasomaji nyuma, pamoja na kimuhuri kidogo kwenye kona ya jalada cha wale waliokuwa wakikagua maadili ya komiki Marekani tangu 1954. Mtu aliyekuachia alisoma hivyo hivyo, taratibu.

Kuhifadhi si kazi ngumu. Adui wa kwanza yumo ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi ya aina hii imetengenezwa kwa mti uliosagwa na lignini yake, na ikipata mwanga na hewa inatengeneza asidi, inageuka njano, mwishoni inakatika kama papadi. Kwa hiyo gizani, na mbali na joto. Adui wa pili kwetu pwani ni unyevu, ambao unakutusha pini na kuleta ukungu wakati wa masika, na nyuma yake mende na mchwa. Usiweke sanduku sakafuni wala likigusa ukuta. Simamisha vitabu wima, visibanane wala visilale kama walevi. Tumia mifuko myangavu ya polipropilini, na plastiki yoyote inayonuka kali iache. Kadibodi ya nyuma iwe ile isiyo na asidi ukiipata. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Selotepu usiikaribishe kabisa, maana gundi yake inaingia kwenye karatasi na kuacha doa ambalo halitoki. Usipeleke kitabu kikapigwe laminesheni. Nimeona mtu amefanya hivyo kwa mapenzi, na sasa hakifunguki.

Na usifute. Hata kama ni hesabu za duka, hata kama ni jina la mwanamke usiyemjua, usifute. Aliyekuzaa alishika kitabu kile akiwa kijana kama wewe, usiku, pengine peke yake, akaandika jambo. Picha zake za harusi zinakuonyesha alivyotaka aonekane. Penseli inakuonyesha alichokuwa hakijui, na jinsi alivyokitafuta. Watu wanalipa pesa kwa waganga waongee na wazee wao, na wazee wameacha maandishi kwenye katoni. Vijana wa siku hizi mnapenda sana thamani ya kitu kwa mtu mwingine. Mnauliza kitauzwa ngapi kabla hamjauliza kinasema nini. Nami nilikuwa hivyo, usidhani nakuhukumu kutoka juu. Nimekaa mahali ulipokaa na raba mkononi.

Ukishasoma, ukaona kweli unataka kuuza, uza. Pesa si haramu. Lakini piga picha kila ukurasa ulioandikwa, na umwambie mnunuzi: hiki kilikuwa cha mtu, maandishi yake ni haya, bei ni hii. Akikataa, wengine wapo. Asipokuwepo, kitabu hakihitaji kula.

Kuna kitu nilikigundua mwezi wa tatu, nacho ndicho kinachonifanya nilale sasa. Baba alikandamiza penseli. Raba iliondoa weusi, haikuondoa mfereji. Nalisubiri giza, nazima taa zote, nailaza simu mezani tochi ikiwa imewaka ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu, na pale palipofutwa vivuli vinajaa kwenye mistari, herufi zinainuka. Si zote. Manyoya ya karatasi yanaficha nyingi. Natumia usiku mzima kwa ukurasa mmoja, nikigeuza kitabu huku na huku, na ninachokipata nakiandika kwenye daftari: toleo, ukurasa, fremu, maneno. Nimekamilisha matoleo manne kati ya 11. Binti yangu wa mwisho ana macho makali kuliko yangu na mara nyingine ananitajia herufi kabla sijaiona.

Toleo la 198 ndilo lililo mezani wiki hii. Mimi nilizaliwa kabla ya siku zangu, baba akiwa baharini, na mama alikuwa akisema kwamba mkunga alinishika miguu kwa muda mrefu kabla sijalia. Pembeni ya fremu ya yule mtoto asiyepumua baba aliandika mstari mzima, mrefu kuliko kawaida yake, nami niliufuta bila kuusoma. Tumeshapata maneno mawili ya mwanzo: "Kama wangu." Baada ya hapo kuna neno la herufi sita au saba linaloanza na k, na karatasi pale imechubuka vibaya. Binti anadhani herufi ya pili ni a. Jana tulijaribu kwa mshumaa badala ya tochi, mwanga wake ni mpole zaidi, na nilipoinamisha ukurasa kuelekea dirishani niliona kama mkia wa y.